Nilienda kumpiga picha mama anayelala nje, akaniambia nivue viatu

Salaam wakuu. Hii si chai, yamenipata mimi mwenyewe, na soksi zangu ni mashahidi.

Mimi ni mkaazi wa Mji wa Kale hapa Mombasa. Mchana natengeneza simu, jioni napita mitaani na kamera. Street photography, black and white tu, bila rangi. Wageni hupiga picha milango ya nakshi, mimi hupiga watu wanaolala nje. Kwa heshima lakini: sipigi aliyelala, na sipigi bila ruhusa.

Sasa kuna mama mmoja, tumwite Bi Rehema, alikuwa akilala kwenye baraza la duka lililofungwa karibu na soko la Marikiti. Ana maboksi, mkoba na ndoo. Nikampa masalkheri, nikamweleza nia yangu huku nikisogea kutafuta mwanga.

"Viatu," akasema.

Nikadhani aniomba. Nikamwambia, mama, sina vingine ila hivi.

"Sivitaki. Vivue. Umekanyaga chumba changu."

Kutazama chini, kweli nimesimama juu ya boksi. Nikavua. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu, kidole gumba kikatoka kusalimia watu wa sokoni.

Akasema picha atapigwa, lakini si leo, hajajitayarisha. Na sababu ya kukubali akanipa: mwenye duka ataka kuweka geti la chuma mbele ya baraza.

"Nipige hapa pangali pangu," akasema.

Hakulia. Mimi ndiye niliyeanza kupangusa lenzi isiyo na vumbi.

Kesho yake alasiri nikabisha hodi, mlango hakuna. Akaniambia karibu. Baraza limefagiwa, mwenyewe kaoga, kapaka wanja, kajitanda leso nyekundu ya kuazima kwa muuza mboga. Ikabidi nimwambie kwamba picha haitakuwa na rangi.

"Kwani zimekwisha?"

Nikamwambia ndio mtindo wangu. Akaguna. "Ungesema jana, mwanangu. Leso hii nimeibembeleza tangu asubuhi."

Nikampiga. Ameketi wima, mkono juu ya mkoba, anitazama kama mwenye nyumba amtazamavyo mgeni asiyejua kuaga. Wakuu, sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile.

Nikaipeleka kwa jamaa anayeandaa maonyesho. Akauliza kama ninayo nyingine, ambamo mama huyu aonekana hana makao. Nikamwambia sina. Hakuichukua. Iliniuma, sitawaficha.

Basi nikamchapishia Bi Rehema yake, ya rangi, maana kamera huzihifadhi rangi, mimi ndiye huziondoa baadaye. Nafika Marikiti, geti limeshawekwa na kufuli juu. Yeye hayupo. Nikatafuta siku kadhaa hadi yule muuza mboga akanielekeza upande wa Buxton.

Nikamkuta kwenye baraza jingine, maboksi mapya. Kwa furaha nikaenda moja kwa moja kumpa picha.

Hakuipokea. Alikuwa akitazama miguu yangu.

Nikavua. Ndipo akaichukua, akaitazama ile leso kwa muda mrefu, akaiegemeza ukutani.

"Haya, keti," akasema. "Utanisamehe, ndiyo kwanza nahamia, hata kahawa sijapata."

Nilichojifunza: mimi heshima nilikuwa naitafuta kwenye mwanga na kivuli, kumbe huanza kwa kubisha hodi.

Mnaopiga picha mitaani, nyinyi huanzaje na mtu? Semeni hapo chini. Na mtakaosema ni chai, sawa, ila soksi nimenunua mpya.