Ulimi wa Sugna

Pale Agra, kwenye ukuta mwekundu wa ngome ya mfalme, watu hawakusema chokaa imeiva. Walisema imelala. Ilikaa shimoni chini ya maji miezi na miezi, na waliopita karibu walishusha sauti, utadhani pana mtoto mchanga. Ikitolewa kabla haijalala, itaamkia ukutani, ivimbe, isukume mawe nje.

Aliyejua kama imelala ni Sugna, mjane wa mchoma chokaa. Kwa miaka kumi na tisa alichovya kidole, akakigusisha ulimini, akafumba macho. Chokaa iliyo macho ilimuuma. Iliyolala ilimpitia taratibu kama maji ya mto Jamuna asubuhi, naye akabaki amesimama, yuko mbali kabisa, huku mamia ya watu wakimsubiri. Tuseme ukweli, hakuwa na raha nyingine duniani.

Siku moja alionja shimo la saba, asisikie kitu. Akaonja tena. Ulimi ulikuwa umekufa ganzi, na hofu ikampanda, maana asiyeweza kuonja hakuwa na kazi pale.

"Vipi, shangazi?" akauliza Fundi Haidari, msimamizi wa ukuta. "Mvua hiyo inakuja, na lango langu bado halina kichwa, tao la mawe halijafungwa."

Angeweza kusema bado, ajipatie wiki moja. Na wiki ijayo je?

"Umelala," alisema kwa mdomo mzito.

"Imelala, jamani," Haidari akawaambia wachimbaji. "Choteni."

Karai la kwanza lilikuwa limeshainuliwa Sugna alipolikumbatia.

"Nimesema ulimi, bwana fundi. Ulimi wangu ndio umelala. Hiyo chokaa siijui."

"Mama huyu leo ana lake," alinong'ona mmoja.

Haidari akachovya kidole, akaonja, na machozi yakamtoka. Akatema, akasukutua, akatema tena. Shimo likafunikwa.

"Ungenyamaza tu, shangazi," alimwambia baadaye, kwa upole. "Nani angejua?"

"Wapanga mawe wangejua. Wangekuwa chini ya tao likiporomoka."

Akarudi nyumbani jua likiwa bado juu. Kesri, mke wa mwanawe, akamtengea mkate na dengu, akamuuliza kama chumvi imekolea. Sugna alitafuna polepole, amefumba macho.

"Imekolea, mwanangu."

Kesri akaonja. Kisha akainuka, akaenda kuchukua chumvi.