Vipara Vitatu na Kitunguu cha Mama

Miezi michache kabla ya harusi yangu, msusi wangu hapa Meru mjini alisimamisha kitana akaniuliza kama nalala na panya. Nilikuwa na vipara vitatu, kila kimoja ukubwa wa kifuniko cha soda. Wee! Nilifunga kilemba siku hiyo hiyo, nikaapa mchumba wangu hataona kitu. Nilijua kabisa akiona ataniacha.

Daktari alisema kinga ya mwili wangu imedhani nywele zangu ni adui, ikazishambulia. Akapendekeza sindano, tena palepale kwenye kipara. Nikauliza kama hakuna dawa isiyouma. Akasema ipo ya kupaka, ila yeye anaiamini sindano zaidi, na wakati mwingine nywele hurudi zenyewe.

Mama akaja kutoka Manyatta na mfuko wa vitunguu, vya kukamua maji ya kunipaka kichwani. "Sindano ya kichwa? We msichana, unataka kutobolewa akili?"

Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe tukagawa kichwa kama mashamba ya majaribio, yale ya mahindi kando ya barabara. Kipara cha kushoto kikawa cha daktari, cha kulia cha Mama, na cha kisogoni kisiguswe na mtu, ili tuone tofauti. Mama alitaka hata kuweka kibao.

Sindano ziliuma, nililia. Kitunguu hakikuuma, lakini harufu yake, jamani! Ofisini wenzangu walianza kufungua madirisha. Kila Jumamosi Mama alikuja kukagua shamba lake.

Basi kikaota kipi kwanza? Cha kisogoni! Kile cha bure! Tena nywele nyeupe pe, kama za nyanya yangu. Mama akadai maji ya kitunguu yalitiririka hadi huko. Kwani kichwa changu ni mfereji? Nilicheka, kisha nikalia, maana harusi ilikuwa wiki iliyofuata na vile viwili bado viling'aa.

Nikachoka kujificha. Nilimwita mchumba wangu, nikavua kilemba hata kabla hajaketi. Nikamwambia yote, vipara, sindano, kitunguu, na kama anataka kuondoka, mlango ni ule.

Alinizunguka taratibu, akainama, akanusa.

"Kumbe ni kitunguu?" akasema. "Mimi nilidhani ndivyo unavyonukia. Na nilikuwa nimeshakubali."