Aliyevisha Risasi Karatasi

Mama yangu, Masouda binti Thabit, alikuwa fundi wa kuvisha risasi karatasi. Msicheke. Unguja alikuwa mshonaji wa kofia, na vidole vyake vilisifiwa mtaa mzima wa Malindi. Tulipokimbilia Matrah, bandari ya nchi ya wazee wetu ng'ambo, mwaka 1964, mimi na yeye na sinia moja la shaba, akakuta kila nyumba ina mshonaji wake. Kazi iliyokosa mtu ilikuwa ya jirani yetu Bakhit, muuza bunduki.

Bakhit alikuwa na bunduki kuukuu za Martini, zile za kuvuta wenzo chini ndipo zifunguke. Risasi mpya za kuzifaa hazikupatikana tena, kwa hiyo aliyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu mwenyewe. Lakini risasi tupu huchafua mtutu, bunduki ikapoteza shabaha. Ndipo huvishwa karatasi. Mama aliikata kwa mshazari, akailowesha, akaizungusha mara mbili kamili, ncha zikutane zisipandane, akausokota mkia wake, akaiacha ikauke na kubana. Mwisho aliipaka nta na mafuta ya kondoo. Bunduki ikilia, karatasi huchanika na kuanguka hatua chache mbele ya mtutu, na risasi huenda peke yake.

Karatasi yenye herufi za Kiarabu hakuitia kisu. Huenda mna jina la Mungu, alisema, na hata kama hamna, ndizo herufi za Msahafu. Aliibusu, akaiweka juu ya kabati. Zenye herufi za Kizungu zilikwenda mtutuni. Yeye hakuzijua, chuoni alisomeshwa Kurani, na Kiswahili chake alikiandika kwa herufi hizo hizo, basi.

Kaka yangu Aflah hatukuja naye. Alitoka asubuhi moja ya Januari, siku zile za mapinduzi, kwenda kumtazama rafiki yake, hakurudi, na meli haikungoja. Tangu hapo mama alikuwa akisikia kikohozi chake mlangoni. Kila mara aliiweka chini risasi iliyo mkononi akaniambia nikafungue. Nilikwenda, nikafungua, nikatazama uchochoro mtupu, nikafunga kwa kishindo. Nilikuwa na hasira na mama, na zaidi na mimi mwenyewe, kwa sababu na mimi nilianza kukisikia.

"Barua itakuja," alikuwa akisema. "Nami ntaisoma mwenyewe. Aflah anajua nnasoma khati gani."

Mwaka 1967 niliolewa mji wa Qurayyat, nikamwacha peke yake. Mwaka huo huo Bi Shaikha, jamaa yetu, alifika kutoka Mombasa akamletea furushi la mdalasini. Alipewa na mtu, aliyepewa na mtu. Furushi lilifungwa kwa karatasi nne nzito, zimeandikwa kwa penseli huku na huku, kwa herufi za Kizungu. Mama aliumimina mdalasini koponi na karatasi akazikunjua vizuri. Karatasi ya namna hiyo hakuwahi kuipata.

Nilikuja kumpa mkono wa Idi siku ya pili ya sikukuu, asubuhi. Alikwenda kunitilia kahawa. Dirishani palikuwa na risasi moja, ile ambayo kila mara aliibakisha iwe kipimo cha kazi inayofuata. Niliichukua kwa kuchezea tu. Chini ya nta nikaona penseli, na mwandiko niliokuwa nikiunakili utotoni ili nifanane na kaka yangu. *Mama usilie mguu ume*

Nikamfuata nayo jikoni.

"Mama, karatasi hii umeitoa wapi?"

"Ya mdalasini wa Bi Shaikha. Haichaniki hiyo. Nimevishia thelathini na mbili."

"Ziko wapi?"

"Kwa Bakhit. Leo wanapiga shabaha bondeni." Akanitazama. "Muhsina, una nini?"

Tukasikia mlio wa kwanza wa bunduki.

Nilimwambia tukiwa tunakimbia. Mama yangu, asiyevuka kizingiti bila kujitanda, alipita katikati ya wanaume kichwa wazi, miguu mitupu, akaenda moja kwa moja mbele ya mitutu na kupiga magoti.

"Bas! Bas!" Bakhit aliinua mkono. "Bi Masouda, wataka kufa?"

"Nnaokota barua ya mwanangu," alisema.

Bakhit hakuuliza tena. Aliwaamuru wenzake waweke silaha chini, akazivua karatasi risasi tano zilizosalia, moja moja, kisha akapiga magoti mchangani karibu naye. Mpaka adhuhuri wanaume wenye majambia walikuwa wakiokota vipande vidogo vya karatasi na kuvitia kwenye vilemba vyao.

Tulivipanga kwenye lile sinia la shaba. Niliyoweza kuyasoma ni haya: mguu umepona. Nimeandika hivi ipite salama, ya herufi za Kiarabu ingefunguliwa. Muhsina atakusomea. Na kwenye kipande kidogo kuliko vyote, *niko*, kisha ukingo mweusi wa moto. Jina la mahali hatukulipata. Bi Shaikha alimjua mtu mmoja tu katika waliolipokezana furushi lile, na alipoandikiwa, huyo alikuwa amekwisha kufa.

Muhsina atakusomea. Nami nilikuwa Qurayyat, napika.

Mama hakuvisha risasi tena. Alinitaka nimfundishe herufi za Kizungu, na hakutaka kitabu, alitaka vipande vile vile. Kila Idi alirudi bondeni kupekua mchanga, na kila mara alirudi na kiganja cha majivu na kokoto.

Mwaka 1970 wengi waliotawanyika kama sisi walianza kufika Matrah, kila wiki nyumba fulani inapiga vigelegele. Nilikwenda kukaa naye. Alasiri moja tulikuwa tunachambua mchele, nikakisikia kile kikohozi, karibu kabisa, nikanyanyua kichwa. Mama hakunituma mlangoni. Aliendelea kuchambua, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na aliye chumba cha pili:

"Uko wapi, mwanangu?"