Kuvua Viatu Mbele ya Karavani

Siku ya kwanza ya kazi, Shefu wa karakana hakuniuliza cheti. Heri, maana sikuwa nacho. Niliishia darasa la sita. Aliniambia nivue viatu.

Karakana yetu ilikuwa mtaa wa Rohero, nyuma ya maofisi, na ilikuwa ya mradi wa chanjo. Mradi ulikuwa na karavani tatu, zile nyumba ndogo za bati zinazovutwa na gari. Zilitengenezwa kwa watu wa kutembea likizo, lakini miaka ile ya vita nani alikuwa na likizo? Zikageuzwa kliniki. Ndani kulikuwa na friji ya dawa, taa mbili na jiko la kuchemshia vyombo. Umeme wa mji haukuaminika, na huko tulikokwenda haukuwepo kabisa. Kwa hiyo kila karavani ilitembea na grupu mbili ndogo. Grupu ndiyo jenereta, hapa Bujumbura tunaiita hivyo. Moja inafanya kazi, nyingine inapumzika.

Shefu alipiga ubavu wa karavani kwa kiganja.

"Unaona? Hii inakaa juu ya mipira. Moto wa umeme ukivuja kwenye bati, hauna njia ya kwenda. Unangojea mutu."

Hapo akanionyesha waya tatu. Mmoja unapeleka umeme, mmoja unarudisha, na wa tatu, wa kijani na njano, unafunga bati la karavani na chuma cha grupu na fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Huo wa tatu haufanyi kazi yoyote mpaka siku ya ubaya. Siku hiyo unaupa umeme uliovuja njia ya kurudi, na disjonkteri, swichi inayojikata yenyewe, inaruka. Niliuelewa polepole. Mpaka leo sijui kama ninaueleza sawasawa, lakini kuufunga niliufunga vizuri, hilo nasema bila haya.

Baada ya kuunga, sheria ya Shefu ilikuwa hii: kwanza taa ya kupimia, halafu fundi mwenyewe anavua viatu, anakanyaga udongo na kugusa bati kwa mgongo wa mkono, kwa sababu kiganja kikishikwa na umeme kinakamata, hakiachi. Kisha anaandika kwenye daftari la karavani: "Nimegusa, miguu peku," na sahihi. Muuguzi haingii kabla ya mstari huo. Siku hizi kuna vipimo, na simwambii mtu afanye kama sisi. Lakini Shefu alikuwa na maana yake: aliyeunga ndiye aanze kugusa.

Baada ya miaka miwili nikapewa karavani ya kwenda Gatumba, nje ya mji. Dereva alikuwa Hamisi, mtoto wa mtaa wa Buyenzi kama mimi, mwenye mdomo. Muuguzi alikuwa Mama Esperansi. Tulitoka asubuhi wanajeshi wakifungua barabara, tukirudi saa tisa kabla hawajaifunga. Miezi mingi sikupata kosa hata moja, na nadhani ndilo lililoniharibu.

Siku moja mvua ilinyesha tukiwa tumeshapanga kila kitu. Maji yakajaa mlangoni, kina mama wakasimama ndani ya dimbwi na watoto mgongoni. Hamisi akasogeza karavani mahali pa juu. Waya wetu haukufika tena, naye akaunga wa kuongezea aliokuwa nao chini ya kiti. Mimi nilikuwa kwenye grupu.

"Fundi, washa! Nimeshaunga."

"Umeunga na nini?"

"Na waya! Ulitaka niunge na kamba?"

Kina mama wakacheka, nami nikacheka. Nikawasha. Nilikuwa na buti mpya za mpira, matope yalikuwa mengi. Taa ya kupimia sikuitoa mfukoni. Nikagusa bati nikiwa na buti zangu miguuni, sikusikia kitu, nikaandika: "Nimegusa, miguu peku."

Mama Esperansi alikuwa ameacha ndala zake kwenye matope. Alishika mkono wa ngazi apande. Akarushwa, akaanguka chali. Nilizima grupu kabla sijajua nimeizima.

Akainuka kitako, akajishika bega. Kisha akasema, "Mlango wenu unauma. Mngeniambia." Tukajua ni mzima. Mkono ulimfa ganzi mpaka kesho yake.

Waya wa Hamisi ulikuwa na nyuzi mbili tu. Ule wa kijani na njano haukuwemo. Na ndani, waya wa friji ulikuwa umesuguliwa na barabara mbaya mpaka ukalala uchi kwenye bati.

Kesho yake Mkurugenzi wa mradi alituita, Shefu akiwepo. Alikuwa mtu wa haki, siwezi kumsema vibaya. Alifungua daftari akasoma.

"Fundi aligusa miguu peku, hakukuwa na kitu. Basi waya huo uliuweka baada yake, Hamisi. Bila kumwambia."

"Apana, Dirikteri. Niliuweka mbele, hajagusa bado. Mi nilimuita awashe."

"Kwa hiyo daftari linasema uongo?"

Hamisi aligeuka upande wangu. Aliniangalia. Alikuwa na watoto wanne, na kazi nyingine mjini haikuwepo. Kama asingeniangalia, sijui kama ningesema.

"Daftari linasema uongo," nikasema. "Nilikuwa na buti."

Shefu alichukua kalamu akanipa. "Andika chini yake."

Nikaandika: "Sikuvua."

Hamisi alipewa onyo, kwa sababu waya kweli aliubadilisha. Mimi niliondolewa kwenye karavani miezi sita, nikapelekwa ghala la Mutanga Nord kulinda grupu mbovu. Ilikuwa sawa. Nilizitengeneza nne. Shefu alipokuja kunirudisha, alisema tu, "Buti ziache hapa."

Niliunga karavani mpaka vita vikaisha, na grupu za watu wengine miaka mingi baadaye, na hakuna tena aliyeumwa na mlango wangu. Nyinyi mnaosoma namba kwenye kipimo, sina neno. Isomeni kwanza, ndipo muandike.

Hamisi naye amestaafu. Tunaswali msikiti mmoja. Kila Ijumaa, pale mlangoni penye viatu, ananisubiri mbele ya watu wote.

"Fundi, leo umevua?"

Nami namwinulia mguu auone.