Picha za Geti Jeupe

Mdogo wangu alipohamia Dar es Salaam alituandikia barua mbili tu mwaka wa kwanza, lakini picha hazikukatika. Alikuwa amepata kazi ya kupokea simu katika kampuni ya mtu binafsi, zile kampuni zilizokuwa zikichipuka kila kona miaka hiyo ya tisini. Mimi dada yake ndiyo kwanza nilikuwa nimepunguzwa kazi kiwandani. Mchana nauza mitumba sokoni pale mjini Mwanza, jioni narudi Buzuruga kumpikia mama.

Picha moja ndiyo iliyoniharibia mwaka. Mdogo wangu amesimama mbele ya geti jeupe, mkono kiunoni, anacheka. Geti lile mtaa mzima tulilijua. Lilikuwa la nyumba ya yule tajiri wa mchezo wa kuigiza, ambao kila wiki tuliutazama kwa jirani mwenye televisheni, tumejazana mpaka madirishani. Wanawake wazima tulimlilia mtoto wa kambo aliyeteswa nyuma ya geti hilo, kisha tukaenda kulala.

Kwetu mgeni akiingia, chai bado iko jikoni, anapewa albamu aangalie picha. Mama aliiweka ile picha ukurasa wa kwanza. Basi kila aliyekuja alipiga kofi la mshangao: "Heee! Kumbe mwanao amefika kwenye nyumba ile yenyewe!" Mama anacheka mpaka ufizi unaonekana. Mimi naingia na sinia la vikombe, hakuna anayeniuliza nimefika wapi.

Nilimwonea wivu, na leo sioni haya kulisema. Nilimwonea wivu mpaka nikaombea mchezo wenyewe usimamishwe. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Nilimngoja miaka minne, hakushuka, nikaona nipande mimi.

Nilisafiri kwa treni, siku mbili za vumbi, na mfuko wa michembe, viazi vitamu ambavyo mama alivikata na kuvikausha mwenyewe kwa ajili ya mwanawe. Kichwani nilikuwa na jambo moja tu: nirudi na picha za kuizika ile moja.

Mdogo wangu aliomba ruhusa kazini siku mbili ili anizungushe. Siku ya kwanza tulikwenda Kivukoni, mahali ambapo wapenzi wa kwenye mchezo waliagana, kisha kwenye jengo lililoigizwa kuwa hospitali. Lilikuwa ofisi kama ofisi nyingine, hata harufu ya dawa hakuna. Kila tulipofika nilimkabidhi kamera ya kuazima, nikajipanga. Yeye alipiga, akanielekeza nigeuze kidevu, akapiga tena.

Kesho yake asubuhi tukafika Mikocheni, kwenye geti lenyewe. "Mwisho wetu ni hapa, dada," akaniambia. "Mlinzi haruhusu mtu kupita. Hata mimi sijawahi kuingia."

Maneno hayo yalinipa nguvu. Mlinzi alikuwa ameanza kutufukuza, na kwenye lafudhi yake nikasikia kwetu. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Akasita, akaitikia, uso ukamfunguka. Tukaulizana koo na vijiji, ikaonekana ni mtu wa Misungwi, hajafika nyumbani muda mrefu. Mdogo wangu alikuwa akitembea na ile michembe mkobani, anatafuna mmojammoja kama anayeogopa iishe. Nikamwambia ailete. Nikampa mlinzi yote na mfuko wake.

Geti likafunguliwa.

Ndani palikuwa padogo. Ngazi za mbele, ambazo kwenye televisheni mama wa kambo alizishuka kwa madaha kana kwamba haziishi, zilikuwa nne. Palikuwa na kamba ya nguo na ndoo iliyopasuka. Hayo hayakunipunguzia raha hata chembe. Nilikaa kwenye ngazi, nikasimama barazani, nikaegemea nguzo huku nimekunja mguu. Mdogo wangu akapiga zote. Halafu akasema, "Dada, hebu tupige moja sote wawili. Mlinzi atatushikia kamera."

Nikamjibu kuwa mkanda unakaribia kwisha. Ulikuwa umebakiza picha tisa, na zote nilizimaliza peke yangu.

Niliporudi Mwanza nikazipeleka kusafishwa, nikanunua albamu mpya yenye maua juu. Majirani walikuja, na safari hii sikukaa jikoni. Walishangaa, wakaniuliza habari za ngazi na nguzo, nikawajibu kama mwenye nyumba. Mama alikaa pembeni akisubiri zamu yake.

Walipoondoka akavaa miwani, akaifungua albamu mwanzo mpaka mwisho. Akarudia, safari hii polepole.

"Mwenzako yuko wapi?" akauliza.

"Yeye ndiye alikuwa anapiga, mama."

"Zote hizi?"

"Zote."

Akachukua ile albamu ya zamani, akaifungua ukurasa wa kwanza, akaipapasa picha kwa kidole. Kidole hakikupita kwenye geti hata mara moja. Kilikuwa kwenye uso wa mwanawe, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka minne.

"Mimi hiyo michezo yenu siijui," akasema. "Niambie wewe uliyekaa naye. Amekonda, au amenenepa?"

Nilitaka kumjibu upesi. Rangi ya nguzo niliikumbuka, na mahali ngazi ilipomeguka, na ile ndoo. Mdogo wangu nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja siku sita, lakini sasa kila nilipoutafuta uso wake niliona kamera tu.

"Amenenepa, mama," nikasema, kwa sababu nilijua ndilo alilotaka kusikia.