Titani Kwenye Jiko la Mama

Rafiki yangu aliniita yaya, kama watu wa ng'ambo ya ziwa wanavyomwita kaka mkubwa, ingawa tulikuwa karibu rika moja. Alikuja kutoka Kongo na begi moja na mkono uliofungwa kitambaa, na mama yangu, ambaye hajui kumwacha mtu mlangoni, akampa chumba cha uani. Mimi nina karakana ya kuchomelea vyuma mtaani kwetu, Cibitoke: milango, madirisha, vitanda, majiko ya makaa. Nilimfundisha kazi, na alipoijua nikampa ufunguo. Sisi ni Waislamu, yeye ni Mkristo, lakini siku ya Idi alikula kwetu, na ilipofika Noeli mama alimpikia yeye kwanza.

Siku moja alirudi kutoka bandarini na gunia mgongoni. Ndani mlikuwa na mabati ya kijivu yaliyopindika, mengine yana rangi iliyoungua. Nilipolishika moja nilishangaa. Kwa macho lilikuwa chuma cha kawaida, lakini mkononi lilikuwa jepesi, na nilipoligonga liliirudisha nyundo kama limekasirika.

"Imetoka wapi?"

"Ku mashini ya zamani ya kiwanda cha samaki, yaya. Kiwanda kilikufa. Watu wanatupa tu."

Sikuuliza tena. Nilikuwa nimeshaanza kukipenda kile chuma. Kwenye mashine ya kusaga kilitoa cheche nyeupe, si zile za manjano nilizozoea. Nikajaribu kuunga vipande viwili. Mshono ukageuka bluu, kisha ukafanya unga mweupe, na nilipougusa kwa patasi ukapasuka kama chungu. Yeye alicheka.

"Hii chuma iko na kiburi."

Nikaacha kuunga, nikakata na kutoboa. Keekee ziliungua mpaka nilipojifunza kuzizungusha polepole na kuzimwagia mafuta. Nikatengeneza zile sahani za matundu zinazobeba makaa ndani ya jiko. Za chuma cha kawaida huliwa na moto. Zinalainika, zinatoboka, makaa yanaanguka chini. Hizi zilikaa. Ya kwanza nilimpelekea mama, nyingine zikachukuliwa na wanawake wa mtaa, na kila aliyepika juu yake alimtuma jirani yake kwangu. Jioni tulikaa uani, mimi na rafiki yangu na mama, tukila maharage na ndagala, dagaa wa ziwani, walioivia kwenye lile jiko. Alikuwa mlaji mzuri. Mama alipenda hilo.

Kisha alikuja mwanamume mmoja wa Gihosha, mwanajeshi mstaafu, kuagiza madirisha. Wakati nasoma vipimo kwenye karatasi yake aliona bati moja limeegemea ukuta. Aliinama, akapitisha kidole kwenye mstari wa matundu madogo pembeni.

"Hii umeipata wapi?"

Nikamwambia habari ya kiwanda cha samaki. Alitikisa kichwa.

"Apana. Hii ni titani. Mi nilikuwa fundi wa helikopta miaka yote ya jeshi. Hii ni ukuta wa moto. Inakaa kati ya injini na watu, ili injini ikiwaka wapate nafasi ya kutua." Aliligeuza upande wa pili. "Wanaiweka pia chini ya kiti cha rubani, risasi isipite. Mu magari ya vita iko, mu manowari iko, kwa sababu maji ya chumvi haiwezi kuila. Ni chuma ya bei kali. Hakuna mutu anajengea kiwanda cha samaki."

"Basi imefikaje hapa?"

"Helikopta ikiwa nzima, hii haitoki," alisema. "Inatoka ikianguka."

Alipoondoka nilimngoja rafiki yangu. Nilimweleza yote, nikamuuliza kama alijua. Aliniangalia usoni.

"Mi sijui kitu, yaya. Mutu alinipa, nikabeba. Ningejua, ningekuletea wewe?"

Nilimwamini. Nasema kweli, nililala vizuri.

Kesho yake mchana walikuja maofisa wawili waliovaa kiraia. Walikuwa wanatafuta mabaki ya helikopta ya jeshi iliyoanguka milimani ng'ambo ya ziwa, na walikuwa wamesikia habari za majiko yasiyoungua. Waliuliza vyuma ni vya nani. Mimi nilikuwa nimeshika barakoa ya kuchomelea, nikifungua kinywa kusema tutawaeleza pamoja vilikotoka. Yeye akatangulia.

"Ni vyake. Yeye ndiye patroni. Mi ni mufanyakazi tu, ananituma bandarini, naenda."

Alisema taratibu, bila kuniangalia, kama mtu anayetaja bei ya bawaba. Nilimwita kwa jina lake. Hakugeuka. Hata walipoanza kubeba mabati alisaidia kuyapakia garini.

Nilikaa kizuizini siku kadhaa. Hawakunipiga wala kunitukana. Waliniuliza maswali yaleyale, nami nikajibu yaleyale, na kila nilipolitaja jina la rafiki yangu nilisikia jinsi linavyofanana na uongo wa mtu anayejitetea. Aliyenitoa ni yule mstaafu wa Gihosha. Alikuja mwenyewe, akaeleza kwamba hata jina la kile chuma mimi nililisikia kwake. Na huko ng'ambo alikamatwa mtu mmoja akasema yote. Helikopta ilikuwa na askari. Watu wa karibu waliifikia na misumeno kabla maiti hazijatolewa. Rafiki yangu alikuwa mmoja wao, kabla hajakimbilia kwetu, na gunia lake lilimfuata baadaye kwa mashua.

Nilipofika nyumbani chumba cha uani kilikuwa kitupu. Nilimweleza mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu.

"Alikuwa anajua, na alikuwa anakula?"

"Alikuwa anajua."

Mama alilitoa jiko nje kwa mikono yake, akamwaga makaa, akakaa kwenye mkeka kuwaombea wale askari, ambao hakujua dini yao wala nchi yao. Mimi nilizunguka mtaani kuzikusanya sahani ili nizipeleke kwa wale maofisa. Wengi walinipa. Mwanamke mmoja alikataa, akasema wafu hawapiki. Sikugombana naye.

Miezi ikapita kabla sijamwona tena. Nilikuwa nimekwenda bandarini kupokea mabomba, naye alikuwa kwenye mstari wa wapakuaji, amebeba mfuko wa saruji. Aliutua chini aliponiona. Hakukimbia.

"Yaya."

"Usiniite hivyo."

Alijifuta vumbi mdomoni. "Ningesema nini siku ile? Wewe uko na mama, uko na kartie, mutaa wote unakujua toka babu yako. Mi ni mukimbizi. Wewe nilijua watakuachia. Mi wangenipoteza."

Nilifikiri juu ya hilo njia nzima nikirudi, na bado nalifikiri, maana halikuwa uongo wote. Lakini pale nilikuwa na hasira.

"Ungeniambia mapema, kabla sijakigusa kile chuma."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Msimamizi alimpigia kelele arudi kazini. Aliinama kuushika mfuko, nami nikamuuliza lile lililokuwa likinikaa moyoni tangu kizuizini.

"Ulipoifikia helikopta, kulikuwa na mtu aliye hai bado?"

"Apana," alisema haraka. Kisha akabaki ameinama hivyo hivyo, mikono kwenye saruji. "Sikuangalia. Nilianza nyuma, kwa injini."

Akaupandisha mfuko begani, akaenda zake.