Besi Niliyonunua Shelui

Kabla hujasoma, fungua kiganja chako cha kushoto ukiangalie. Mistari unaiona? Vizuri. Sasa tunaweza kuongea.

Najua utasema naongeza chumvi. Mimi sina haja ya kutunga. Nina diploma ya ufundi umeme niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe. Nimekaa Afrika Kusini miaka mingi, mchana nafunga umeme kwenye majengo, jioni napiga gitaa la besi hotelini. Nikarudi Kiomboi na gari langu, nikajenga nyumba ya vigae pale pale baba alipotuachia tembe la udongo. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Mtu kama mimi akikuambia jambo limempata, jua limempata.

Niliporudi, mama yangu alikuwa haoni tena. Presha ya macho ilimmaliza, na hospitali zote nilizompeleka walisema tumechelewa. Siku ile ya kurudi ua ulijaa watu, kila mtu anampigia kelele: "Mama, mwanao kaja! Mwanao huyu hapa!" Yeye amekaa tu kwenye kiti chake. Nikamsalimia kwa sauti, hakuitikia.

"Sauti mtu anaweza kuiga," alisema. "Lete mkono. Wa kushoto."

Nikampa. Katikati ya kiganja changu cha kushoto palikuwa na kovu la mundu. Nilijikata nikiwa mdogo, tukivuna uwele, nimeshika mabua kwa kushoto na mundu uko kulia. Kovu lilipinda kama mwezi mchanga. Mama akalipapasa kwa kidole gumba, akalirudia, kisha akalia mpaka kilemba kikamdondoka. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yetu. Kila asubuhi nikimwambia "Shikamoo, mama," haitikii mpaka ashike mkono wangu wa kushoto na kulipata lile kovu. Ndipo anasema, "Marahaba, mwanangu."

Shika hilo vizuri. Ndilo nililopoteza.

Sasa nikupeleke Shelui. Nilikuwa natoka Nzega kuchukua betri za sola za duka langu, jua likinizamia mgongoni. Nikasimama pale yanapolala malori, nipate chai na kipande cha kuku. Mama lishe akanitengea. Sijanywa hata funda la pili, nikasikia besi.

Naomba niseme kitu hapa, maana wengi mnapenda muziki lakini hamjui vyombo. Besi ya kawaida ina vile vijivyuma vya shingoni, wanamuziki tunaviita freti. Ukikandamiza uzi, chuma kinakuchagulia sauti. Iko nyingine haina freti kabisa, shingo yake ni ubao mtupu, sauti unaitafuta mwenyewe kwa sikio na kidole. Si kila mtu anaiweza. Mimi naiweza. Na iko ya namna hiyo ambayo tumbo lake ni tupu kama la ngoma, haihitaji hata spika, inaimba kama mtu aliyefumba mdomo. Kule hotelini Afrika Kusini kulikuwa na moja, ya mwenye hoteli. Niliitamani miaka yote na sikuwahi kuifikia bei.

Na ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa ikilia Shelui, nyuma ya malori! Kweli ungebaki umekaa?

Nilimkuta mwanamume wa rika langu ameketi juu ya gunia la vitunguu, besi mapajani. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, kucha safi kama za mwalimu. Nikamnyooshea mkono. Akanipa kifundo.

Unajua mila yetu. Mtu anakupa kifundo cha mkono ukishike kama anakula, au anatoka kuchinja, au ana tope la shamba. Anakuhurumia usichafuke. Huyu mikono yake ilikuwa safi kuliko yangu. Niliona, nikajiambia labda ana maringo. Nikakishika kifundo, nikakaa naye.

"Unaiuza hiyo?" nikamuuliza.

"Naiuza. Ila kwa mtu mwenye mtu."

"Mwenye mtu kivipi, kaka?"

"Nyumbani uko na nani?"

"Niko na mama."

"Anapenda kukusikiliza?"

"Mama yangu? Nikipiga anaacha uji upoe. Kaka, ulizia Kiomboi nzima, besi ni mimi."

Akafumba macho kidogo. "Basi itakufaa. Aliyekuwa ananisikiliza mimi tumemzika juzi."

"Pole sana. Alikuwa nani kwako?"

"Mama."

Nikampa pole tena, lakini nitakuwa mwongo nikisema moyo wangu ulikuwa kwenye msiba. Ulikuwa kwenye ile besi. Nikaichukua, nikaiinamisha kwenye mwanga uliobakia. Ule ubao wa shingo ulikuwa na mistari myembamba myembamba, inayopinda na kukatana. Nilidhani ni nakshi za mti wenyewe. Nikapiga sauti moja tu ndefu. Nikaiacha ilie mpaka ikaisha yenyewe.

Akataja bei. Ilikuwa bei ya gitaa la mtoto wa kujifunzia! Nikamcheka moyoni, nikasema huyu hajui alichoshika. Nikalipa papo hapo, wala sikuomba apunguze, nisije nikamzindua.

Lori moja likawasha taa kutaka kuondoka. Yule bwana akasimama mbele ya mwanga ule, akafungua viganja vyake viwili, akavitazama. Akavigeuza. Akavitazama tena, kama mkulima anayetazama mbingu mwezi wa mvua. Nami nikaviona. Niamini, msomaji. Vilikuwa vyeupe, laini, bila mstari hata mmoja, kama sahani ya udongo kabla haijachomwa. Alisubiri. Hakuna mstari uliorudi. Akashusha mikono, akavuka barabara, na lile lori lilipopita katikati yetu sikumwona tena upande wa pili.

Nilirudi kwa mama lishe. "Yule mwenye gitaa ni wa wapi?"

"Yule? Anasema kwao ni hapa hapa," alinijibu akifunika sufuria. "Sasa sisi wa hapa ndio tunajiuliza, kwao ni wapi?"

Mtu mwenye akili angeirudisha ile besi kwenye gunia la vitunguu. Mimi niliifunga mkanda kwenye kiti cha mbele kama bibi harusi.

Mama aliipenda. Jioni nakaa barazani, naanza nyimbo za kwaya, yeye anaitikia kwa kichwa. "Hii sasa inaongea," alisema. Nilipiga kila jioni. Kanisani watu walikuwa wanageuka kunitazama. Wiki zile nilikuwa mtu, nakwambia.

Kisha nikaenda kusajili laini ya simu ya dukani. Kijana wa laini ana meza yake karibu na stendi, na mwavuli. Nikaweka kidole kwenye mashine, ikakataa. Nikaweka kingine.

"Bosi, futa jasho."

Nikafuta.

"Bosi, weka gumba. La kulia. Hebu lamba kidogo."

Tukamaliza vidole vyote kumi. Kijana akacheka. "Bosi, umechoma vidole kama majambazi?"

"Hivi ni vidole vya fundi," nikamjibu. "Na mwanamuziki. Nyuzi zinakula."

"Zimekula mpaka jina lako, basi," akasema, na waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nami nikacheka. Ndani ya gari niliwasha taa nikaangalia. Ncha za vidole zilikuwa laini kama sabuni. Na katikati ya kiganja, ile mistari mikubwa tuliyozaliwa nayo sote ilikuwa imefifia kama njia ya ng'ombe baada ya mvua. Lile kovu lilikuwa bado lipo, kwa mbali.

Nikaacha kupiga hapo? Sikuacha. Nilinunua mafuta ya kupaka.

Asubuhi moja nikamwendea mama kama kawaida. "Shikamoo, mama." Akashika mkono wangu. Gumba lake likapita kiganjani, likarudi, likazunguka, likatafuta. Nilikuwa nautazama uso wake. Sijawahi kuona uso wa mtu ukifunga vile, kama duka.

Akaurudisha mkono wangu taratibu, kwa heshima.

"Karibu, baba," akasema. "Mwenyewe ametoka. Kaa umsubiri, atarudi."

"Mama, ni mimi."

"Sauti umeipatia. Lakini mwanangu ana kovu."

Nikamwita dada yangu Naomi, aliyekuwa jikoni. "Mama jamani, ndiye!" alisema Naomi. "Mimi nina macho, namwona!"

"Mnanidanganya kwa sababu sioni," mama akajibu, wala hakukasirika. "Mpe mgeni uji."

Naomi alinipa uji. Nilikunywa barazani, kwenye nyumba niliyoijenga mwenyewe, kama mgeni.

Mimi ni fundi, kitu kikiharibika nakifungua. Niliifungua ile besi yote. Nikamulika tumboni mwake kwa tochi; vumbi tu. Nikamulika shingo. Ile mistari ya ubao ilikuwa imeongezeka. Na pale kiganja kinapozoea kukaa, pamechorwa kovu, limepinda kama mwezi mchanga. Nilipitisha gumba juu yake. Nililijua, kama unavyojua mlango wa kwenu gizani.

Nikaifungia stoo. Nikasema nisipopiga, mistari itarudi. Haikurudi. Ila mama akaacha kula. "Mwanangu alikuwa anapiga jioni," alimwambia Naomi. "Sasa hata kupiga hapigi. Amekufa huko alikokwenda, nanyi mnanificha." Aliusukuma uji, akausukuma ugali, akabaki mifupa. Naomi akanijia stoo analia. "Kaka, mpigie. Anakufa."

Nikapiga. Nilikaa barazani, mvua imeanza kudondoka kwenye vigae, nikapiga zile zile za kwaya. Mama akanyanyuka kitini mwenyewe, akashika mwimo wa mlango. Uso wake ukafunguka.

"Huyo sasa ndiye mwanangu!" akasema. Kisha akaugeuza uso upande niliokaa, akashusha sauti kama mtu anayeomba hisani. "Mgeni, tafadhali, mwambie aingie ndani. Asinyeshewe."

Nilirudi Shelui kumtafuta yule bwana. Sikumpata. Mama lishe alinitazama kwa muda kabla hajanikumbuka, nikamkumbusha gari, nikamkumbusha gitaa.

"Ahaa. Yule hajarudi. Lakini nikuambie kitu, kaka. Siku zile kabla hujaja, alizikwa bibi mmoja hapa nyuma. Alikuwa na mtoto wa kiume ambaye hakuna aliyemkumbuka vizuri, bibi mwenyewe alisema tu kwamba jioni anamsikia akipiga. Yule mwenye gitaa ndiye aliyechimba kaburi. Alichimba karibu lote peke yake. Wenye msiba wakamshukuru sana, wakampakulia chakula, wakamuuliza, 'Ndugu yetu, umetoka wapi?'"

Sikumaliza chai yangu.

Sasa yameanza kwa wengine. Jumapili iliyopita mwalimu wa kwaya alinisimamisha mbele ya watu akasema, "Leo tunaye mgeni anayetusaidia besi, tumkaribishe." Wakanipigia makofi, watu niliowanunulia spika. Dukani wateja wananiuliza mwenye duka yuko wapi. Diploma yangu nimeitundika ukutani na jina langu liko pale. Watu wanaisoma, kisha wananitazama, wanasema huyu bwana amesoma kweli. Naomi bado ananijua, lakini asubuhi ya leo alisita mlangoni kabla ya kuniita kaka. Nilimwona akisita.

Jioni napiga. Nifanyeje? Kila nikipiga napungua, na nisipopiga mama ataondoka akiamini mwanawe alimtupa. Anakaa karibu na mlango, anatabasamu, ananisimulia mimi mgeni habari za mwanawe: amesoma, amejenga, si mtoto wa kuchezea. Naitikia, "Kweli, mama. Umebarikiwa."

Basi nakuonya, na hili ulishike. Ukipita Shelui jua likizama, ukasikia besi inaimba kama mtu aliyefumba mdomo, kanyaga mafuta. Ukiwa umeshashuka, na mtu mwenye mikono safi akakupa kifundo badala ya kiganja, usiulize bei. Na kama mtu huyo amevaa vizuri, anaongea sana, anakuambia ana diploma na amefika Afrika Kusini, usimsikilize, hata akikuapia. Nitakubembeleza. Najijua, nina maneno. Siku hiyo mama atakuwa amekwisha kuzikwa, na mimi nitakuwa nimechimba, nimepakuliwa chakula, nimeulizwa nimetoka wapi. Mtu asiye na wa kumpigia hukubali bei yoyote.